Miezi Mitatu na Redio ya Intaneti Katika Nyumba Moja ya Tanga

Mwezi wa Januari nilimnunulia mama yangu redio ya intaneti katika duka moja la Kariakoo kwa shilingi 285,000, nikampelekea Tanga, na kwa miezi mitatu iliyofuata nikawa naifuatilia kwa karibu katika nyumba ambayo redio huwashwa kabla ya alfajiri na kuzimwa baada ya taarifa ya habari ya usiku. Sitaitaja chapa yake, kwa kuwa karibu yote niliyoyaona yanahusu aina nzima ya vifaa hivi: vingi hufanana kwa ndani na hutegemea huduma zilezile, hata kama majina yaliyoandikwa usoni ni tofauti. Swali nililokwenda nalo lilikuwa moja, nalo ni kama kifaa hiki kinaweza kushika nafasi ya redio ya kawaida kwa mtu mzima anayetaka kusikiliza tu, asisumbuliwe na mengine. Jibu langu ni hapana, ingawa yapo mambo ambayo redio ya kawaida haitayafikia kamwe, na hayo nitayaeleza kwanza.

Kwa asiyeijua, redio hii ni kisanduku kidogo chenye spika moja, skrini, kitufe kikubwa cha kuzungusha na vitufe sita vya kuhifadhi vituo. Niliyoinunua haina antena ya kuvuta wala FM. Hujiunga na Wi-Fi ya nyumbani, huomba orodha ya vituo kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, ya kampuni inayotunza orodha hizo, na ukishachagua kituo huchota sauti kutoka kwenye anwani ya kituo hicho, ikijiwekea akiba ya sekunde kadhaa ili mtandao ukiyumba kidogo msikilizaji asihisi. Wazo lenyewe si geni. WXYC, kituo cha wanafunzi cha Chapel Hill katika jimbo la North Carolina, Marekani, kilianza kurusha matangazo yake kwa intaneti tarehe 7 Novemba 1994, na mwaka 2000 ilitangazwa redio ya mezani iitwayo Kerbango, iliyokusudiwa kupokea vituo vya intaneti bila kompyuta, lakini kampuni ya 3Com iliyoinunua ikaachana nayo mwaka uliofuata kabla haijafika madukani. Kilichochelewa miaka hiyo yote ni intaneti ya kudumu nyumbani, na hiyo sasa imefika hata sebule za mitaa ya Tanga kama Ngamiani na Chumbageni.

Kuiunganisha kulinichukua karibu nusu saa. Nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani lina herufi na tarakimu 14, na kila moja hutafutwa kwa kuzungusha kitufe kikubwa, ukipita a, b, c hadi uifikie, kisha ubonyeze. Ukipitiliza, unarudi nyuma. Ukikosea moja na kuthibitisha, unaanza upya. Nilianza upya mara mbili. Mama alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele, akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na siku wakilibadilisha hilo neno lao, nawe uko Dar, nani atanizungushia?" Sikuwa na jibu siku ile, na swali hilo nimelibeba katika kila jaribio nililolifanya baadaye.

Ilipoanza kusema, hata hivyo, sote tulinyamaza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ya Deutsche Welle mwaka 1963, na utoto wangu wote sauti hizo ziliingia nyumbani kwa masafa mafupi, zikipanda na kushuka, marehemu baba akiwa ameishika redio yake ya National mapajani na kuigeuza taratibu kuelekea dirishani hadi maneno yasikike. Jioni hiyo mtangazaji wa Deutsche Welle kutoka Bonn, Ujerumani, alisikika kana kwamba amekaa kwenye kochi la pili. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja, hakukuwa na kituo cha jirani kilichoingilia, na mama alisema kwa mshangao kwamba hajawahi kujua kuwa watangazaji wale huvuta pumzi kati ya habari moja na nyingine. Kwa ubora wa sauti, redio hii inastahili kila sifa.

Vituo ni makumi ya maelfu, na kwa nyumba ya Kiswahili hilo lina maana kubwa kuliko namba inavyoonyesha. Tulisikiliza taarabu kutoka Unguja mchana kweupe, wakati ambapo kwa redio ya kawaida vituo vya ng'ambo ya bahari hutufikia kwa kubahatisha, zaidi usiku na hali ya hewa ikiruhusu. Tulisikiliza vituo vya Mombasa, ambavyo mama alivifuata kwa sababu ana ndugu huko. Siku moja nikamwekea Radio Okapi ya Kongo, ambayo ilianzishwa Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa kwa kushirikiana na Fondation Hirondelle, na ambayo hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za nchi ile, Kiswahili kikiwamo. Mama alisikiliza Kiswahili cha kule kwa makini sana, akikunja uso kila lilipopita neno asilolijua, na taarifa ilipokwisha akasema, "Kumbe tunaelewana." Hakuna mnara wa FM utakaoileta sauti hiyo Tanga, na ninaamini kabisa kwamba hapa ndipo intaneti inapoitendea redio jambo jema kuliko yote.

Ramadhani iliingia redio ikiwa imeshazoeleka, nayo ikafichua kasoro ambayo hakuna muuzaji aliyenitajia. Mama hufuturu kwa adhana ya kituo kimoja cha papa hapa Tanga, ambacho hurusha kwa FM na kwa intaneti pia. Jioni ya kwanza tende ilikuwa mkononi na uji wa pilipili manga umeshamiminwa, adhana ya msikiti wa mtaani ikaanza, na redio ikawa bado inasoma tangazo la duka la vitambaa. Mama akasubiri, kwa kuwa miaka yote redio na msikiti huu vimekwenda sambamba, kisha akasema bila hasira, "Mwanangu, msikiti umeshafika kwenye shahada, redio yako ndiyo kwanza inauza vitambaa." Siku ya pili niliiwasha redio yake ya zamani ya FM jikoni na hii mpya sebuleni, nikapima kwa saa ya simu tofauti ya neno moja lililotamkwa na mtangazaji mmoja. Zilikuwa sekunde 41. Siku nyingine nilipata 35, na mara moja zikafika 50, kwa hiyo hata mtu akitaka kuizoea tofauti hiyo hawezi, maana haikai mahali pamoja.

Sababu yake inaeleweka. Sauti ikitoka kwenye kipaza sauti cha studio hubanwa na kukatwa vipande, hupelekwa kwenye seva ambayo vituo vingi huikodi nje ya nchi, hugawiwa kutoka huko, na mwishoni kila kifaa hujilimbikizia akiba kabla ya kuitoa. Studio ya kituo kile iko mwendo wa dakika chache kwa bodaboda kutoka kwetu, lakini sauti yake huzunguka hadi huko iliko seva ndipo irudi sebuleni, ilhali wimbi la FM hufika papo kwa papo. Wakati wa kufuturu, kuchelewa huko hakumdhuru mtu isipokuwa kwa kumwongezea njaa kidogo. Wakati wa daku mambo ni tofauti, kwa sababu anayeacha kunywa maji kwa kusikia adhana ya alfajiri redioni atakuwa ameendelea kunywa baada ya wakati kuingia, na kwa anayefunga hilo si jambo dogo. Vivyo hivyo kwa mlio wa saa kabla ya taarifa ya habari, ambao kazi yake yote ni kusema sasa ni saa ngapi. Wapenzi wa kandanda nao watasikia goli likishangiliwa kijiweni kabla mtangazaji wao hajaupata mpira. Baadhi ya redio hizi huruhusu akiba ipunguzwe. Nilipoipunguza yangu, sauti ikaanza kukatikakatika, nikairudisha ilivyokuwa.

Jambo la pili lililonisikitisha ni umeme. Redio hii ina betri ya ndani ya kuchaji, na muuzaji alinihakikishia kuwa hudumu saa sita, jambo ambalo nililijaribu na kukuta ni kweli. Jioni moja ya Machi umeme ulikatika mtaa mzima. Redio haikuzimika, skrini yake iling'aa gizani na jina la kituo likaendelea kuonekana, lakini baada ya muda mfupi, akiba ya sauti ilipokwisha, ikanyamaza, kwa sababu ruta, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi nyumbani, iliyokuwa ukutani ilikuwa imezimika pamoja na taa. Betri ya saa sita haikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Mama aliinuka, akaipapasa kabatini redio yake ya FM yenye betri mbili kubwa, akaivuta antena, na kabla sijapata tochi tulikuwa tunasikiliza habari za mkoa.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu vitu ambavyo lazima viwe vizima kwa wakati mmoja ili redio ya intaneti iseme: umeme wa nyumbani, ruta, kifurushi, njia za mtoa huduma, mkongo uliolala baharini ikiwa seva iko nje, seva ya kituo, na seva ya ile kampuni inayotunza orodha. Wengi tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na intaneti ikadhoofika Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo simu zilikuwa zinazungusha duara lile la kusubiri na vituo vya FM vilikuwa vinaeleza kilichotokea. Redio ya kawaida inahitaji mtambo wa kituo uwe unafanya kazi na betri za msikilizaji zisiwe zimekufa. Zaidi ya hapo ni hewa.

Kiungo dhaifu kuliko vyote katika mnyororo huo ni orodha ya vituo, na ningependa kila mnunuzi akielewe kabla ya kutoa fedha. Mwezi wa pili, kituo kimoja ambacho mama alikihifadhi kwenye kitufe cha tatu kiliacha kusikika. Jina lilikuwapo, skrini ikasema inaunganisha, kisha kimya. Kituo chenyewe kilikuwa hewani kama kawaida kwa FM. Kilichotokea ni kwamba kilibadilisha anwani yake ya intaneti na orodha haikufanyiwa marekebisho. Niliporudi Tanga ilinibidi nifungue tovuti ya watunza orodha kwa kompyuta, nisajili kifaa kwa namba iliyo nyuma yake, niingize anwani mpya kwa mkono, kisha nikihifadhi upya. Mama aliishi bila kituo hicho kwa siku 19. Hilo lilikuwa jambo dogo ukilinganisha na lililowapata wenye redio zilizotegemea huduma ya orodha iitwayo Reciva, ambayo mmiliki wake, kampuni ya Qualcomm, aliifunga mwaka 2021: redio nzima, zenye spika safi na skrini zisizo na hata mkwaruzo, zikapoteza njia ya kuvifikia vituo vyake kwa sababu mtu mwingine, mbali sana, alizima seva. Redio ya National ya baba yangu ilitengenezwa kabla sijazaliwa, na hakuna mtu duniani mwenye uwezo wa kuizima kutoka ofisini kwake.

Gharama nayo ihesabiwe. Kituo kinachorusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa, na kinachorusha kwa kilobiti 128 hutumia karibu 58. Tuhesabu saa kumi tu kwa siku, ingawa redio ya mama huwaka zaidi ya hapo. Kwa kiwango cha chini hiyo ni zaidi ya gigabaiti 8 kwa mwezi, na kwa kiwango cha juu ni zaidi ya 17. Mwenye huduma ya mkongo isiyo na kikomo hatahisi kitu. Anayewasha redio kwa bando la simu ataona salio likiyeyuka, na atajikuta anazima redio ili aokoe fedha, jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kufanyika kwa sababu yoyote isipokuwa msiba.

Watu huniambia kwamba haya ni matatizo ya mpito na kwamba FM itakufa kama ilivyokufa telegramu. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni hesabu pia. Mnara wa FM hutumia umeme uleule wakisikiliza watu kumi au watu laki moja, kwa kuwa wimbi likishatoka halijui ni wangapi wamelipokea. Kwa intaneti kila msikilizaji hupelekewa nakala yake: wasikilizaji 10,000 wa kilobiti 64 wanahitaji megabiti 640 kila sekunde kutoka kwenye seva, na wakiongezeka mara mbili, mzigo nao huongezeka mara mbili. Kituo kidogo cha mkoani kinaadhibiwa kwa kupendwa. Tena hata nchi tajiri zilizoamua kuiacha FM hazikuikabidhi redio yao kwa intaneti peke yake. Norway ilizima mitandao yake ya kitaifa ya FM mwaka 2017, na shirika la utangazaji la umma la Uswisi, SRG SSR, likazima FM yake mwishoni mwa 2024, lakini zote zilijenga kwanza mitandao ya DAB+, ambayo nayo ni matangazo ya kidijiti yanayorushwa hewani kutoka minarani, bure kwa mwenye kifaa. Wakati wa mafuriko au kimbunga, nchi yoyote inahitaji njia ya kusema na watu wote kwa pamoja bila kuuliza nani amenunua kifurushi.

Kwa hiyo ningependa vituo vyetu viifanye intaneti kazi yake ya kweli, ambayo ni kuwafikia walio mbali, na viifanye vizuri kuliko sasa. Virushe walau kwa viwango viwili, kimoja cha chini kwa anayesikiliza kwa bando. Visibadilishe anwani ovyo, na vikibadilisha viitunze ile ya zamani imwelekeze msikilizaji kwenye mpya. Na vipindi vya mawaidha, afya na kilimo, ambavyo hupita mara moja vikapotea, vihifadhiwe vipatikane baadaye. Katika vituo vingi vya mkoani nilivyovijaribu sikukuta hata kimoja. Watengenezaji wa simu nao wangerudisha redio ya FM, ile iliyotumia waya wa spika za masikioni kama antena. Simu ya mama ya vitufe inayo. Yangu, iliyonigharimu mara kumi ya bei ya ile, haina.

Anayenunua redio ya intaneti leo, ushauri wangu ni kwamba asikubali isiyo na FM ndani yake, hata kama ni nafuu na ina umbo zuri. Aulize orodha ya vituo inatoka kwa nani, na kama kifaa kinaruhusu kuingiza anwani kwa mkono. Ahakikishe kina vitufe halisi vya vituo, vinavyoweza kupapaswa gizani, maana kupekua majina kwenye skrini ndogo ni mateso kwa macho yaliyochoka. Na kama umeme wa mtaani kwake si wa kutegemewa, atafute kwanza betri ya kuiweka ruta hai, maana bila hiyo betri ya redio ni pambo.

Ile ya shilingi 285,000 haiko Tanga tena. Baada ya Idi nilimpa binamu yangu aliyekuwa anasafiri kwenda Muscat, akampelekea kaka yangu anayeishi huko, mwenye intaneti isiyokatika na ambaye hakuna wimbi la FM kutoka kwetu litakalomfikia. Kaka ameikuta ndiyo aliyokuwa akiitafuta miaka yote, na kila asubuhi huiamsha nyumba yake kwa kituo kilekile cha Tanga. Mama nimemnunulia nyingine yenye Wi-Fi na FM, kwa shilingi 340,000; kitufe cha kwanza nimekiwekea kituo cha mtaani kwa FM, cha pili Deutsche Welle, cha tatu BBC, cha nne taarabu ya Unguja. Kaka akipiga simu wakati wa habari za mkoa, huisikia habari kwanza ikitoka kwenye redio ya mama kupitia simu, kisha akamwambia asubiri kidogo, na wote wawili hukaa kimya hadi redio ya Muscat nayo ifike kwenye habari hiyohiyo.